Mwenyewe Amelala, Moyo Je?

Kuna dakika moja katika upasuaji mkubwa ambayo mgonjwa haijui na jamaa zake hawaioni. Dawa ya usingizi imeshaingia mshipani. Macho yamefungwa. Dawa nyingine imelegeza misuli yote, hata ile ya kupumulia, kwa hiyo mtu huyu hawezi kukohoa, kukunja uso wala kusogeza kidole. Anayemlaza anafungua mdomo wake, anaingiza chuma chenye taa hadi nyuma ya ulimi, anainua, anatafuta nyuzi za sauti, kisha anapitisha mpira katikati yake hadi kwenye njia ya hewa. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya sekunde 15 hivi.

Uso hauonyeshi kitu. Lakini tazama monita. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 75 kwa dakika yanapanda hadi 100, 110. Presha iliyokuwa 120 kwa juu inafika 160, mara nyingine zaidi. Baada ya dakika tano hadi kumi kila kitu kinarudi chini polepole, na mgonjwa akiamka atakwambia, "Sikusikia chochote." Atakuwa anasema kweli.

Mimi hufanya kazi ya kulaza watu, na dakika hiyo huniachia swali ambalo dawa peke yake hailijibu. Kama mwenyewe hakuwepo, ni nani aliyeshtuka? Na kama hakuna aliyeshtuka, nina deni kwa nani?

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda, maana bila hapo tutaishia kupiga porojo. Nyuma ya ulimi na kwenye koromeo kuna neva nyingi mno, na sababu yake inaeleweka: hapo ndipo njia ya chakula na njia ya hewa zinapoachana, na mwili hautaki mchezo mahali hapo. Ukipagusa kwa chuma, habari inapanda hadi shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayoendesha mambo ya uhai bila kumwomba mtu ruhusa. Shina la ubongo linauamuru mwili ujiandae kwa vita. Adrenalini na noradrenalini zinamwagwa kwenye damu, mishipa inajibana, moyo unaongeza kasi. Madaktari waliliandika jambo hili waziwazi tangu mwaka 1951. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza wakatenganisha hatua zake mbili: kuinua kwa chuma peke yake kulitosha kupandisha presha na homoni hizo, na kupitisha mpira ndiko kulikoongeza kwa wazi mapigo ya moyo.

Vifaa navyo havifanani. Laringoskopu iliyopinda, ambayo hadi leo ndiyo ya kawaida duniani, ilitolewa mwaka 1943 na Robert Macintosh, profesa wa Oxford. Vile vyuma vilivyonyooka vilipita chini ya kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa tunapomeza, vikakiinua moja kwa moja. Macintosh alitaka ncha ya chuma ikae mbele ya kifuniko hicho, isikiguse kwa chini, kwa sababu upande ule wa chini una neva nyingine na ni mwepesi kushtuka. Yaani wazo la kupunguza mshtuko lilikuwa ndani ya umbo la kifaa tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1981 daktari Mwingereza Archie Brain alijaribu kwa mara ya kwanza barakoa ndogo ya mpira inayokaa juu ya koromeo bila kupita kwenye nyuzi za sauti. Tunaiita LMA. Hakuna chuma, hakuna kuinua kwa nguvu, na kwa kawaida moyo hushtuka kwa kiasi kidogo kuliko unapopitisha mpira. Mwaka 2001 ikaja GlideScope ya daktari Mkanada John Pacey, yenye kamera karibu na ncha, hivyo huhitaji kuinua sana ili uone. Watu walitarajia kwamba sasa moyo utatulia. Matokeo yamekuwa mchanganyiko: tafiti nyingine zinaonyesha nafuu, nyingine hazionyeshi tofauti ya maana. Si ajabu, maana mwisho wa yote mpira ule ule unapita kwenye koromeo lile lile.

Sasa turudi kwenye swali. Jibu la haraka ni hili: kama hakuhisi na hakumbuki, basi hakuna alichofanyiwa. Maumivu ni kitu cha kuhisiwa, na maumivu yasiyo na wa kuyahisi ni maneno matupu. Moyo unaokimbia wakati mwenyewe hayupo ni kama alamu ya gari inayolia usiku kwenye maegesho. Kelele ipo, lakini gari halijakasirika.

Jibu hili si la kijinga. Linatukumbusha kwamba namba kwenye monita si mateso, na kwamba nusukaputi ni moja ya zawadi kubwa walizowahi kupata binadamu. Kabla ya onyesho la etha kule Boston mwezi Oktoba mwaka 1846, mtu aliyekatwa mguu alishikwa na wanaume wanne huku akipiga mayowe. Leo tunajadili mapigo 35 ya ziada kwa dakika tano. Ni shida ya watu waliobahatika.

Lakini nadhani jibu hilo lina matobo matatu.

La kwanza ni kwamba moyo si alamu ya gari. Alamu ikilia, gari halipasuki.

Nililelewa Longisa, mashariki ya Bomet, upande ambao mashamba ya chai yanaanza kuisha na barabara inaelekea Mulot na Narok. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo hapo Longisa. Tenwek, hospitali iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, haiko mbali, karibu na mji wa Bomet. Ukikaa eneo hili utawafahamu watu watatu. Si wagonjwa wangu, ni watu wa aina ambayo kila familia huku inamjua mmoja.

Wa kwanza ni mama mjamzito mwenye presha ya mimba, ameshapata degedege, na mtoto anatakiwa kutolewa sasa hivi. Mara nyingi tungependa kumchoma sindano ya mgongoni abaki macho, lakini kuna hali ambazo haiwezekani, kwa mfano damu yake ikiwa haigandi vizuri. Presha yake tayari ni 170. Ukimwingizia chuma bila kujiandaa, dakika ile moja inaweza kupasua mshipa kichwani. Atalala akiwa mama mtarajiwa na kuamka na kiharusi, au asiamke.

Wa pili ni kijana ambaye akiwa mtoto alipata maumivu ya koo, kisha homa ya baridi yabisi, na homa ile ikamharibia vali ya moyo. Tenwek wanafanya upasuaji wa moyo, na wengi wanaohitaji upasuaji huo ni vijana wa namna hii. Vali imekuwa nyembamba, damu inahitaji muda kupita. Moyo ukikimbia, muda unakosekana, damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji. Kwake yeye, mapigo 35 ya ziada ni kama maji kupanda hadi shingoni.

Wa tatu ni mzee, au pengine si mzee, mwenye saratani ya umio. Ugonjwa huu ni mwingi sana eneo letu, na Tenwek wameuona hata kwa watu ambao hawajafika miaka 30. Moyo wake unaweza kuwa mzima, lakini chakula kimekwama juu ya uvimbe. Ukisema nitumie LMA kwa kuwa ni laini, chakula kile kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, kwa sababu LMA haizibi njia ya hewa kama mpira unavyoziba. Yule mama mjamzito naye ana hatari hiyo hiyo ya tumbo.

Watatu hawa wananifundisha mambo mawili. Kwamba mwenyewe amelala hakumaanishi kwamba linalompata si lake, maana ndiye atakayeamka na mwili huo. Na kwamba kifaa kinachoshtua kidogo kuliko vyote si lazima kiwe ndicho chenye huruma zaidi. Kwa yule wa umio, huruma ni chuma na mpira, tena haraka. Wenzetu wanaofikiri maadili ni kuchagua tu kitu laini wangefaa kukaa thieta siku moja.

Tobo la pili: tunasema mwenyewe hayupo. Tunajuaje?

Miaka ya 1940, kule Utah, daktari Scott Smith alijitolea kuchomwa kurare, dawa ya kulegeza misuli, bila dawa yoyote ya usingizi. Wakati huo kulikuwa na waliodhani kurare yenyewe inampumzisha mtu akili. Alilegea kabisa, akapumuliwa na wenzake, hakuweza hata kufumbua jicho. Dawa ilipoisha nguvu aliwaeleza kwamba alikuwa macho muda wote na alihisi kila kitu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza tena kudai kwamba mwili uliotulia ni akili iliyotulia.

Mwaka 1977 Michael Tunstall wa Scotland akaeleza njia rahisi ya kuuliza. Kabla ya kuchoma dawa ya kulegeza misuli unafunga mkono mmoja kwa mkanda wa presha, dawa isifike huko. Mkono huo unabaki na nguvu. Kisha, mgonjwa akiwa "amelala", unamwambia: kama unanisikia, nibane mkono. Mwaka 2017 ilitoka ripoti ya watafiti waliofanya hivyo kwa wagonjwa 260 katika vituo sita vya nchi mbalimbali, baada tu ya mpira kuingizwa. Watu 12 walibana. Kati yao, 5 walibana tena kuashiria kwamba wanasikia maumivu. Walipoamka, hakuna hata mmoja wa wale 12 aliyekumbuka lolote.

Hapo mimi hukwama kila mara. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mtu 1 kati ya 19,000 hivi wanaolazwa hueleza baadaye kuwa alikuwa macho, na kwa akina mama wanaolazwa kabisa ili wapasuliwe kujifungua ni 1 kati ya 670 hivi. Hao ni wanaokumbuka. Wale 12 hawahesabiki humo, kwa sababu kuhesabiwa kunahitaji kumbukumbu. "Sikusikia chochote" ni ushahidi wa mtu wa jioni kuhusu mtu wa asubuhi. Wanaishi mwili mmoja, lakini huyu wa jioni hakuwepo.

Na tazama Kiswahili kinavyotusaidia hapa, au kinavyotutega. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Kitenzi ni kimoja. Mgonjwa anaposema hakusikia, amekataa vyote kwa pamoja, na sisi tunampokea kana kwamba amejibu maswali manne.

Tobo la tatu ni la kihistoria. Hoja ya "hatakumbuka" imeshatumika vibaya, tena si zamani sana. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo sana ya maumivu, au bila kabisa. Sababu zilizotolewa: neva zao hazijakomaa, dawa ni hatari kwao, na kwa vyovyote hawatakumbuka. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walilinganisha watoto njiti waliopewa fentanili wakati wa upasuaji na wale ambao hawakupewa. Hawakuwauliza watoto chochote, maana wasingejibiwa. Walipima homoni kwenye damu. Waliopewa dawa, miili yao ilishtuka kwa kiasi kidogo kuliko ya wenzao, na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache. Kilichobadilisha tabia ya madaktari ni ushahidi wa aina ile ile tunayoiona kwenye monita: mwili ukisema kwa niaba ya mtu asiye na neno.

Mpaka hapo nimejibu kwa urahisi, kwa sababu kila tobo lina madhara ndani yake: kiharusi, mapafu kujaa maji, mtu aliyekuwa macho, mtoto aliyeteseka. Mtu mkali wa hoja ataniambia: ondoa madhara yote, kisha tuone umebaki na nini.

Haya. Chukua vijana wawili wa miaka 22, mioyo mizima, wamekuja kutolewa apendiksi. Tukubaliane kwamba wote wamelala fofofo, hakuna shaka. Wa kwanza analazwa na mtu anayesubiri dawa ifanye kazi, anaingiza chuma taratibu, anamaliza kwa sekunde 10. Wa pili analazwa na mtu mwenye haraka. Hakusubiri dawa ikolee, anainua kama anayefungua boneti, anakosa, anarudia mara tatu. Mapigo yanafika 140. Baadaye yanashuka. Jioni vijana wote wawili wako sawa, koo haliwaumi, wanasema asante daktari. Je, wamepata kitu kimoja?

Kila niliyewahi kumuuliza swali hili anasema hapana, kisha anatafuta sababu na kukosa. Wengi wanarudi kwenye hatari: yule wa pili angeweza kuumia. Lakini tumeshakubaliana hakuumia. Kwa nini basi bado tunahisi amekosewa?

Fikiria umemwachia rafiki simu yako bila kuifunga. Akasoma meseji zako zote, za mpenzi, za mama, za deni la Fuliza. Hakumwambia mtu, hakubadilika kwako, na hutajua mpaka siku ya kufa kwako. Amekukosea au hajakukosea? Hukuhisi chochote. Hakuna kilichopungua. Na bado tunajua jibu, kwa sababu kosa lake halikuanza siku ambayo wewe ungegundua. Lilianza pale alipochukua kitu ulichomkabidhi na kukitendea kama kisicho na mwenyewe.

Neno letu la jambo hili ni amana. Amana si zawadi wala mkopo. Ni kitu ambacho bado ni cha mwenyewe ingawa kiko mkononi mwako, na kipimo cha kukitunza ni namna unavyokishika yeye akiwa hayupo. Akiwa anakutazama, huo ni ulinzi wake mwenyewe. Ukiweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa, nadhani hiki ndicho unachofanya: unaukabidhi mwili wako kwa mtu kwa saa mbili, pamoja na ile sehemu yake inayoendelea kufanya kazi ukiwa umeondoka.

Kogo wangu aliwahi kunihoji kuhusu kazi hii. Alikuwa ameelewa kazi ya daktari anayekata, lakini yangu ilimshinda.

"Kwa hiyo wewe hukati?"

"Sikati, Kogo. Namlaza mtu."

"Akishalala unaenda nyumbani?"

"Hapana, nakaa naye. Naangalia moyo wake, naangalia pumzi."

Akafikiri. "Basi wewe ni mlinzi wa boma," akasema. "Wenye boma wamesafiri, wewe umebaki na mbwa."

Nilicheka, lakini hadi leo sijapata maelezo bora zaidi ya kazi yangu. Na mbwa, katika mfano wake, ni moyo. Anabweka mtu akigusa lango.

Mfano wa mbwa unanileta kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo ngumu kuliko zote, maana kuna njia mbili za kumfanya mbwa asibweke. Unaweza kumzuia anayegusa lango. Au unaweza kumfunga mbwa mdomo.

Thieta tunazo zote mbili. Njia ya kwanza ni kupunguza mshtuko wenyewe: chagua kifaa kinachomfaa huyu mgonjwa, subiri dawa ikolee, ongeza fentanili inayozima maumivu kule juu, usikae na chuma mdomoni kwa muda mrefu. Njia ya pili ni dawa kama esmololi, inayoenda moja kwa moja kwenye moyo na kuuzuia usikimbie. Koo limeshtuka vile vile, shina la ubongo limetuma amri vile vile, lakini moyo hauwezi kutii. Monita inakuwa nzuri ajabu, 75 ikabaki 75. Ukipiga picha ya skrini utadhani hakuna aliyemgusa mtu.

Mjumbe hauawi, walisema wazee. Hawakusema hivyo kwa sababu mjumbe ni mtu muhimu. Walijua ukimuua unabaki na vita vile vile, ila sasa hujui viko wapi.

Ngoja, nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Kuna wakati mjumbe mwenyewe ndiye atakayebomoa nyumba. Kwa yule kijana wa vali nyembamba, mapigo yakipanda ndiyo ajali yenyewe, na kuyazuia kwa dawa ni sawa kabisa. Kwa yule mama wa presha ya mimba, dawa ya kushusha presha kabla ya kuingiza chuma inaweza kuokoa ubongo wake. Kosa linaingia pale ninapotuliza namba kisha nikajiambia nimemtuliza mtu. Ukweli ni kwamba mapigo na presha si kipimo cha kuaminika cha kama mtu yuko macho au la. Yanaweza kupanda mtu akiwa hayupo, na yanaweza kutulia mtu akiwa yupo. Kwa hiyo namba nzuri si cheti. Ukishamfunga mbwa mdomo, kimya cha boma hakikuambii tena chochote, na unapaswa kuamka na kuzunguka na tochi mwenyewe.

Na kuna kishawishi ambacho watu wa kazi yangu tunakijua. Tunapenda mistari iliyonyooka. Monita ikitulia, sisi ndio tunatulia. Mara nyingine dawa ile haikuwa ya mgonjwa, ilikuwa ya wasiwasi wangu. Ukizidisha, presha inaanguka, na sasa moyo na figo zinakosa damu ili mimi nipate grafu ya kupendeza.

Labda utashangaa mtu wa Kipsigis akilalamikia uso usioonyesha maumivu. Sisi tunajulikana kwa jambo hilo. Kijana wa jando hutakiwa asipepese jicho, na wazee wanaangalia uso wake kwa makini kuliko kisu. Lakini fikiria maana yake. Hakuna hata mzee mmoja pale anayedhani kwamba kijana hasikii maumivu. Kimya kile kina thamani kwa sababu kila mtu anajua kinachofichwa, na kwa sababu anayekificha ni yeye mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya watu wake. Mgonjwa wangu naye hapepesi jicho. Ila yeye hakuchagua. Nimemchagulia mimi, kwa sindano. Siwezi kuusoma utulivu wa uso wake kama ushujaa, wala kama ushahidi kwamba hakuna kitu. Ni kazi ya mkono wangu, na mtu hawezi kujitolea ushahidi kwa kutumia kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Nikiangalia maisha ya kawaida ya watu wa rika langu, naona tumekuwa hodari sana wa njia ya pili. Tuna "niko poa" ya kujibia kila swali. Mfanyakazi akilalamika anatolewa kwenye grupu la WhatsApp, na grupu linakuwa na amani. Sisemi kila kilio kina haki. Alamu nyingine hulia bure, na nimeshasema kuna vilio vinavyoua. Ninachosema ni kwamba yule anayezima sauti anabaki na kazi ya kwenda kuangalia lango, na mara nyingi tukishazima sauti tunalala.

Kwa hiyo nina deni kwa nani? Kwanza, kwa yule atakayeamka, kwa sababu mwili ni wake na atauishi. Pili, kwa yule ambaye pengine yupo sasa hivi na hatakumbuka kamwe kwamba alikuwepo, ambaye hana wakili mwingine duniani isipokuwa mimi na mstari wa kijani kwenye skrini. Tatu, hata kama hakuna mtu ndani kabisa, kwa yule aliyeondoka akaniachia. Deni hilo la tatu haliwezi kudaiwa. Hakuna anayeweza kunishtaki, wala kunishukuru, kwa namna nilivyoinua ulimi wake. Nadhani ndiyo maana linaonyesha vizuri kuliko mengine kama kweli namhesabu kuwa mtu.

Na deni lenyewe, likishushwa hadi kwenye vitendo, ni dogo, karibu la kuchekesha. Subiri dawa ikolee. Chagua kifaa kwa ajili ya mtu huyu, usichague kwa sababu ndicho kipya. Inua taratibu. Ukikosa, toka, mpe hewa, fikiri upya. Mapigo yakipanda, uliza kwanza ni nini kimeguswa, halafu ndipo uulize utayashushaje. Hayo yote yanachukua pengine dakika moja zaidi, na akiamka hatajua kama ulimpa dakika hiyo au ulimnyima.